Mfungie Panya Maji Kabla ya Kumtegea Sumu

Kiangazi kikishakolea, kuanzia Julai hadi vuli itakapoanza kunyesha, kilio cha panya huzidi katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Wakazi wa Mbagala, Chamazi, Yombo Vituka, Bunju na Mabwepande huniambia karibu maneno yaleyale: panya wamekuwa wengi ghafla, wanapita jikoni taa ingali inawaka, wametafuna sabuni, wametoboa dumu la maji. Wengi huamini kwamba panya wamezaana, basi wanakimbilia sumu ya mchuuzi anayepita na kipaza sauti. Mimi nasema mara nyingi panya hao hawajaongezeka. Wamehama. Mitaro imekauka, mashimo ya viwanjani yamepoteza unyevu, nao wamefuata maji pale yalipobaki, yaani majumbani mwetu. Anayetaka kumshinda panya wa mjini aanze na maji, afuatishe chakula, na sumu iwe ya mwisho. Sisi tunaanza na sumu, chakula tunakikumbuka siku ya usafi, na maji hatuyataji kabisa.

Panya tunaowazungumzia hawafanani, na kila mmoja ana habari yake na maji. Panya wa mtaroni, mnene, mwenye pua butu na mkia mfupi kuliko mwili, hufikia gramu 300 na zaidi. Kwa siku hula gramu 25 hadi 30 za chakula kikavu na hunywa takriban mililita 30 za maji, sawa na vijiko viwili vikubwa. Watu wengi humwita panya buku, ingawa buku mwenyewe ni mnyama mwingine, yule ambaye shirika la APOPO humfundisha kule Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Buku huyo ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula hadi shimoni, kwa hiyo siku za uhaba humkuta na akiba. Panya wa darini ni mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili. Ana gramu 150 hadi 200, hupanda minazi na kutembea juu ya nyaya, na sehemu kubwa ya maji yake huweza kuipata kwenye mapapai, maembe na madafu anayoyatoboa kileleni. Kisha yuko yule panya mdogo wa ndani ya kabati na magunia, anayekula gramu 3 tu kwa siku. Huyo, nafaka isipokuwa kavu kupita kiasi, anaweza kuishi bila kunywa.

Tofauti hizo ndizo zinazopuuzwa na watu wanaorudia kwamba panya humshinda ngamia kwa kuvumilia kiu. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni ya mnyama mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanasayansi Knut na Bodil Schmidt-Nielsen walimchunguza mnyama mdogo wa majangwa ya Marekani anayeitwa panya-kangaruu, wakaonyesha kwamba anaishi kwa mbegu kavu bila kunywa tone la maji. Siri yake kubwa ni figo, zinazotoa mkojo mzito mara nne au zaidi kuliko mkojo mzito kabisa wa binadamu. Panya wetu wa mtaroni hafiki huko. Figo zake ni bora kuliko zetu, zinaweza kuukoleza mkojo kama mara mbili na nusu ya tunavyoweza sisi, lakini akinyimwa maji na chakula chenye unyevu hatimizi wiki nyingi. Ni suala la siku. Aliyemvisha panya wa Tandika sifa za mnyama wa jangwani amemfanya aonekane hashindiki, na mtu akishaamini adui hashindiki huacha kumtafutia udhaifu.

Hata hivyo mbinu zake za kubana maji zinastahili kujulikana, kwa sababu ndizo zinazotuonyesha pa kumbana. Panya hana jasho isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Pua yake huipoza hewa anayoitoa, na sehemu ya mvuke hugeuka maji na kubaki mwilini. Kinyesi chake hukaushwa kabla hakijatoka. Mchana hulala shimoni, ambako hewa ina unyevu kuliko nje, na hutoka usiku jua likiwa limekwenda zake. Lakini joto likimzidi hulazimika kujilamba na kujipaka mate manyoya yote ili apoe, na mate hayo ni maji anayoyapoteza. Fikiria dari iliyo chini ya bati tupu, mwezi wa Januari, saa nane mchana. Panya aliyelala humo analipa kwa maji, na usiku ukiingia lazima ashuke ayafidie.

Chakula nacho humpa maji, kwa kiasi ambacho wengi hawakijui. Mwili unapounguza gramu moja ya wanga huzalisha zaidi ya nusu gramu ya maji. Gramu moja ya mafuta huzalisha gramu moja na ushei. Panya akila gramu 20 za unga mkavu wa mahindi atapata, ukijumlisha na unyevu uliomo, kama mililita 12. Hayo hayamtoshi. Dagaa wakavu humzidishia shida, kwa kuwa protini huacha urea ambayo lazima itolewe kwa mkojo, na chumvi nayo hutaka maji yake. Lakini mwekee ukoko wa ugali, wali uliolala, maganda ya tikiti au nyanya zilizooza, hapo umempa maji na chakula kwa pamoja, maana zaidi ya nusu ya uzito wa wali na ugali ni maji. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba gunia la mahindi lililofunikwa vibaya ni hatari, lakini sufuria ya makombo iliyoachwa usiku nje ya mlango wa jiko inaweza kuwa mbaya zaidi. Gunia humpa chakula akabaki na kiu. Sufuria humkamilishia.

Kuna jambo moja la kimaumbile ambalo kama wakazi wangelijua lingewaokolea fedha nyingi. Panya mwenye kiu hupunguza kula. Mwili wake hukizuia chakula kikavu kwa sababu kukisaga na kukitolea taka kunahitaji maji asiyokuwa nayo. Kwa hiyo mwezi wa Septemba, wakati mtaa mzima umekauka, sumu iliyochanganywa na unga mkavu au punje za mahindi huachwa ilipowekwa, na mwenye nyumba husema dawa ni feki. Huenda ni feki kweli, zipo, lakini huenda pia panya ana kiu. Chambo chenye majimaji, kwa mfano nyanya au tikiti ndani ya mtego, humvuta panya huyohuyo usiku uleule.

Njaa hufanya kazi kwa njia nyingine. Akiba ya sukari iliyo kwenye ini la panya huisha ndani ya takriban siku moja, kisha huanza kula mafuta yake, halafu misuli. Ungetarajia atulie ili abane nguvu. Panya mdogo wa ndani anaweza kufanya hivyo, hupoa mwili na kuzubaa kwa saa kadhaa; lakini panya mkubwa mwenye njaa kwanza huongeza mwendo. Hutembea mbali zaidi, hutoka mchana, huonja vitu ambavyo siku za shibe asingevigusa. Jike huacha kupata mimba, au mimba changa hunywea na kufyonzwa mwilini. Aliyekwisha kuzaa anaweza kuwala watoto wake. Hula pia kinyesi chake na kupata humo vitamini zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo. Wanyonge wa kundi ndio wa kwanza kusukumwa nje, na mara nyingi ndio unaowaona mchana kweupe. Mei 2020, hoteli na migahawa ya Marekani ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya korona, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilitahadharisha umma kuhusu panya wanaozagaa na kuwa wakali kwa kukosa makombo waliyoyazoea. Hali ileile hutokea kwa kipimo kidogo soko la mtaani linapohamishwa au genge la mama lishe linapofungwa ghafla: kwa wiki chache nyumba za jirani hupata wageni.

Kwa upande wa uzazi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wamefanya kazi kubwa juu ya panya shamba wa Morogoro. Mwaka 1996 walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba milipuko ya panya shamba nchini inaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua, hasa namna vuli ilivyonyesha, kwa kuwa mvua huotesha majani na mbegu zinazoamsha uzazi. Panya wa mjini hafungwi na mvua kiasi hicho, kwa sababu sisi humlisha mwaka mzima. Lakini hata yeye huzaa kwa kadiri ya chakula na maji anayopata, mimba ni ya wiki tatu hivi, na watoto wake huweza kuanza kuzaa wakiwa na miezi miwili au mitatu. Ndiyo sababu natilia mkazo kiangazi. Ni wakati ambao panya wengi wako kwenye bana, wamesogea karibu, na sehemu za kunywea ni chache na zinahesabika. Vuli ikianza kila dimbwi huwa kisima chake, na nafasi hiyo imekwenda.

Je, maji hayo yako wapi? Hesabu moja tu inatosha kuamsha mtu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hutoa zaidi ya lita nne kwa siku. Gawanya kwa mililita 30: ni kiu ya panya mia moja na zaidi, kutoka koki moja mbovu. Sasa ongeza mfuniko wa simtanki uliopasuka, pipa lililofunikwa kwa ubao, karo la kufulia lisilokauka, maji ya kiyoyozi yanayochuruzika ukutani, shimo la maji machafu lililobomoka mdomo. Mgawo wa maji nao una sehemu yake. Oktoba 2022, mamlaka ya maji ya DAWASA ilipotangaza mgawo baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, kila kaya ilijaza ndoo, madumu na mabeseni, na mengi yalilala wazi chini ya meza za jikoni. Simlaumu mama aliyehifadhi maji ya watoto wake; angefanyaje? Ila panya aliyekosa maji mtaroni aliyakuta ndani.

Mabanda ya kuku ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Chamazi, Mbagala, Bunju na kwingineko pembezoni, ufugaji wa broila na kuku wa mayai uani umekuwa tegemeo la familia nyingi, na mimi nauunga mkono. Lakini banda la kawaida lina pumba na mahindi yaliyoparazwa, lina vyombo vya maji vilivyojaa usiku kucha, lina maranda makavu ya kutengenezea kiota, na mayai na vifaranga juu yake. Njaa na kiu, nguvu mbili ambazo zingempunguza panya, zimeondolewa mahali pamoja. Ukiweka sumu kwenye nyumba yenye banda la namna hiyo umeweka tonge moja la mauti kando ya sinia la pilau.

Kuhusu sumu yenyewe, kuna imani iliyoenea kwamba humpa panya kiu kali, akatoka nje kutafuta maji na kufia huko, hivyo nyumba haitanuka. Si kweli, na imewaponza wengi waliokuja kubomoa dari kutafuta mzoga. Sumu nyingi za vidonge na punje za rangi huzuia damu kuganda. Panya huvuja damu ndani kwa ndani na hufa baada ya siku tatu hadi saba, dhaifu, akiwa amejificha, na maficho yake ya kawaida ni dari yako au shimo la ukutani. Hakuna kinachomwelekeza nje. Ile ya unga wa kijivu, fosfidi ya zinki, hukutana na asidi ya tumbo ikatoa gesi inayoua kwa saa chache. Shida yake ni kwamba panya hawezi kutapika, na maumbile yamemfidia kwa woga: chakula kigeni huonja kidogo tu, akiugua hakirudii. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha jinsi panya anavyokishika kichwani chakula kilichomtangulia ugonjwa na kukikataa baadaye. Panya aliyeponea sumu yako ya kwanza ni mgumu kumdanganya mara ya pili. Na hatari kwa watoto wanaotambaa, kuku, paka na bundi wala siielezi kwa urefu. Kila anayeuza sumu hiyo kwenye vikaratasi visivyo na jina angepaswa kuzuiwa.

Hata sumu ikifaulu, haidumu. Katika miaka ya 1940 mji wa Baltimore, Marekani, ulikuwa uwanja wa majaribio makubwa ya panya. Curt Richter wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alisimamia utegaji wa sumu kwa wingi. Baadaye David Davis wa chuo hichohicho alifuatilia mitaa iliyosafishwa kwa njia hiyo na kuona idadi ikirudi pale ilipokuwa, kwa sababu waliobaki walipata chakula kingi kwa kichwa na wakazaa kwa kasi. Mitaa iliyopunguziwa taka na maficho ndiyo iliyobaki na panya wachache. Miaka themanini imepita na Manzese, Keko na Buza bado tunarudia nusu ya kwanza ya jaribio lile.

Paka anasaidia kwa panya wadogo na makinda, na harufu yake huwafanya wakubwa wajifiche. Kuwamaliza hawamalizi. Watafiti waliofunga kamera kwenye kiwanda cha taka kule Brooklyn, New York, na kutoa matokeo yao mwaka 2018, waliona paka wakiua panya wawili tu katika siku 79, ingawa kundi la panya lilikuwa kubwa. Na ile kauli kwamba panya huuma huku akipuliza, isiwe sababu ya kuona kuumwa usiku ni jambo la ajabu lisilozuilika. Panya mwenye njaa hufuata harufu ya maziwa, uji au mafuta kwenye midomo ya mtoto na vidole vilivyolambwa visioshwe. Kunawa kabla ya kulala na chandarua kilichochomekewa vizuri chini ya godoro hupunguza hatari hiyo kuliko paka watatu.

Nisingesisitiza haya yote kama hasara ingekuwa mchele na nyaya peke yake. Figo zilezile zinazomwezesha panya kubana maji ni maskani ya bakteria wa leptospira, wanaokaa humo bila kumuumiza na kutoka na mkojo wake. Kwenye sakafu kavu yenye jua hufa upesi. Kwenye maji yaliyotuama na tope huishi kwa wiki. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ukajulikana nchini kote kama homa ya mgunda, na watu watatu walikuwa wamekwisha kufa. Panya anayekunywa kwenye ndoo yako hukojoa palepale. Kumfungia maji kwa hiyo ni kinga ya mara mbili.

Hatua zenyewe hazihitaji mtaalamu. Usiku, kabla ya kulala, kila chombo cha maji kifunikwe kwa mfuniko unaobana, si kitambaa, karo lifutwe, koki mbovu ifungwe washa mpya, ambayo bei yake haifikii pakiti mbili za sumu. Makombo yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko mgumu. Kwenye banda, vyombo vya kuku wa kienyeji na wa mayai vitolewe jioni, kwa kuwa gizani hawali wala hawanywi. Wafugaji wa broila wanaowasha taa usiku wazungushie banda wavu wa chuma wenye matundu madogo hadi chini ya ardhi kiasi cha mkono. Matundu ya ukutani yenye upana wa sentimita mbili humpitisha panya mkubwa. Yazibwe kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa, na matundu ya hewa ya dari yafungwe wavu. Baada ya siku chache za ukavu ndipo mitego iwekwe, yenye chambo cha majimaji, ukutani anapopita.

Nyumba moja ikifanya peke yake, panya watahamia kwa jirani na kurudi. Tunayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi tangu mwaka 2016, na kwa sasa huishia kufyeka majani na kufagia barabara. Serikali za mitaa za Kinondoni na Temeke zingeweza kuziteua Jumamosi za Agosti, Septemba na Oktoba kuwa za kufunga maji ya panya: wajumbe wa mashina wapite nyumba kwa nyumba na bwana afya wakikagua mifuniko, karo na mashimo ya maji machafu, ambayo haohao wanatakiwa kuyakagua kwa ajili ya mbu. Wakandarasi wa taka wabanwe kuchukua taka za masoko ya Tandale, Tandika na Temeke Stereo kabla ya giza, maana panya hula usiku, na lundo linaloondolewa asubuhi limekwisha kufanya kazi yake. Taarifa za mabomba yaliyopasuka mitaani zishughulikiwe kwanza katika miezi hiyo mitatu. Sumu, pale itakapohitajika, itegwe siku moja mtaa mzima, ndani ya visanduku vilivyofungwa, chini ya usimamizi wa afisa afya, kabla ya vuli.